Fedha za Serikali kwa Vituo vya Urejelezaji Taka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandaliwa kwa ajili ya maofisa wa serikali za mitaa, vyama vya ushirika, vikundi na wafanyabiashara wadogo wanaokusudia kujenga au kupanua kituo cha urejelezaji kwa msaada wa fedha za umma. Masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi na kati ya mfuko na mfuko, hivyo tangazo la mfuko unaouomba ndilo lenye kauli ya mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Kituo cha urejelezaji ni kipi hasa, na kwa nini fomu huuliza aina yake?

Jina hilo moja hubeba shughuli zisizofanana. Ipo sehemu ya kukusanyia, ambako watu huleta chupa, makopo na karatasi na kuziweka katika makontena tofauti. Kipo kituo cha kuchambua, ambako taka zilizochanganyika hupita mezani au juu ya mkanda, zikatenganishwa kwa aina, zikabanwa kuwa marobota na kuuzwa. Kipo kiwanda cha kuchakata, ambacho huosha, husaga na kuyeyusha malighafi hiyo mpaka iwe punje za plastiki au karatasi mpya. Na lipo eneo la kutengenezea mboji kutokana na taka zinazooza.

Sehemu ya kukusanyia inahitaji uzio, sakafu ya zege na mtu wa kuisimamia, wakati kiwanda cha kuosha plastiki kinahitaji maji mengi, mfumo wa kusafisha majitaka na umeme wa uhakika. Andiko linalotaja tu "kituo cha kisasa" bila kusema kazi inaishia hatua ipi humwacha mtathmini akikisia, na mtathmini anayekisia haidhinishi fedha.

2. Kama taka ni mali, kwa nini serikali igharamie kazi ambayo wafanyabiashara wangeifanya wenyewe?

Taka kuwa mali ni kauli yenye ukweli nusu. Kopo la alumini halihitaji ruzuku ya mtu yeyote, kwa kuwa kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kuizalisha upya kutoka kwenye madini ya boksiti, na tofauti hiyo ndiyo inayomlipa anayeiokota. Vyuma chakavu, maboksi makavu na chupa safi za maji nazo huwa na soko mara nyingi. Lakini mifuko laini, vifungashio vyenye tabaka kadhaa, vioo vilivyovunjika na taka za jikoni hugharimu kuvikusanya kuliko bei yake sokoni. Mfanyabiashara akiachiwa peke yake atachukua vile vinavyolipa na kuviacha vingine mtaroni, na hatuwezi kumlaumu.

Faida ya kuviondoa vile visivyolipa huenda kwa umma: dampo linachelewa kujaa, mitaro haizibi, moshi wa kuchoma taka unapungua. Faida ya namna hiyo haina mnunuzi, ndiyo maana inalipiwa na bajeti ya umma. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka ngumu ilikadiria kwamba katika nchi zenye kipato cha chini usimamizi wa taka humeza wastani wa karibu asilimia 20 ya bajeti za manispaa, dhidi ya asilimia 4 katika nchi tajiri. Kila tani isiyofika dampo ni fedha ambazo manispaa haikuzitumia kuisafirisha na kuifukia.

3. Fedha hizi hutoka wapi?

Kwa kawaida hutoka katika vyanzo vinne, na inafaa mwombaji ajue chanzo cha mfuko anaouendea, kwa sababu chanzo ndicho kinachoonyesha iwapo fedha zitakuja mara moja tu au zitaendelea kutiririka.

Cha kwanza ni hazina kuu. Mfano ni sheria ya miundombinu ya Marekani ya mwaka 2021, iliyotenga dola milioni 275 kwa miaka mitano kwa ajili ya ruzuku za miundombinu ya taka na urejelezaji. Fedha za aina hii huwa kubwa, lakini hufuata ratiba ya bunge na huisha.

Cha pili ni kodi ya dampo. Uingereza ilianza kutoza kodi hiyo tarehe 1 Oktoba 1996 kwa kiwango cha pauni 7 kwa tani, na leo kiwango hicho kimepita pauni 100. Hata pale ambapo mapato yake hayaendi moja kwa moja kwenye vituo vya urejelezaji, kodi hiyo huvisaidia kwa njia nyingine: mwenye taka anayelipa ghali kuzifukia huwa tayari kumlipa anayezipokea na kuzichambua.

Cha tatu ni ada za wazalishaji, yaani kampuni inayoingiza sokoni chupa au paketi hulipia ukusanyaji wake. Ujerumani iliweka wajibu huo kwa amri ya vifungashio ya mwaka 1991, na somo lake lina pande mbili. Wananchi walichambua taka kwa bidii kuliko ilivyotarajiwa, baadhi ya kampuni zikatumia alama ya mfumo, inayoonyesha kwamba kifungashio kimelipiwa, bila kulipa ada kamili, na kufikia mwaka 1993 chombo kilichokusanya ada hizo kilikuwa kimekaribia kufilisika. Ada za wazalishaji ni chanzo kizuri pale tu panapokuwa na mtu wa kuwafuatilia wasiolipa.

Cha nne ni amana ya chupa, kama ile iliyowekwa kisheria na jimbo la Oregon mwaka 1971. Mnunuzi huacha senti chache dukani na kurudishiwa anaporejesha chupa. Amana zisizodaiwa hubaki, na katika baadhi ya mifumo ndizo zinazoendesha vituo vya kupokelea.

4. Ruzuku, mkopo nafuu na dhamana vina tofauti gani?

Ruzuku hairejeshwi ukitimiza masharti. Mkopo nafuu hurejeshwa kwa riba ndogo au baada ya kipindi cha kupumua (muda wa mwanzo usio na marejesho), na unamfaa mwenye mkataba wa mauzo mkononi. Katika dhamana, serikali haitoi fedha, inaiahidi benki kubeba sehemu ya hasara ukishindwa kulipa. Kuna aina ya nne ambayo waombaji wengi huisahau, nayo ni malipo kwa kila tani iliyorejelezwa, ambayo yanaelezwa katika swali la 11.

## Kuomba

5. Nani anaruhusiwa kuomba?

Mifuko mingi huipa nafasi ya kwanza mamlaka ya serikali za mitaa, kwa sababu ndiyo yenye wajibu wa kisheria wa kukusanya taka. Vyama vya ushirika na asasi zisizo za faida huruhusiwa mara nyingi vikiwa vimesajiliwa na vina hesabu zilizokaguliwa. Kampuni binafsi huruhusiwa katika baadhi ya mifuko, kwa kawaida kwa sharti la kuwa na mkataba na mamlaka ya eneo husika. Kikundi kisicho na usajili kinaweza kuingia kama mbia wa mwombaji mkuu. Katika hali hiyo, mgawanyo wa fedha uandikwe kabla ya maombi kutumwa, maana ugomvi juu ya fedha zilizokwisha kuingia hausuluhishiki kirahisi.

6. Je, ni lazima tuchangie sehemu ya gharama?

Mara nyingi ndiyo. Kiwango hutajwa katika tangazo. Mchango unaweza kuwa fedha taslimu, kiwanja, jengo au muda wa watumishi, lakini kila kimoja kinahitaji uthibitisho: kiwanja kiwe na hati na tathmini ya thamani, na muda wa watumishi uwe na kumbukumbu za saa. Usiweke kiwanja chenye mgogoro ukitarajia kwamba utaisha kabla ya ukaguzi.

7. Andiko la mradi linatakiwa kuwa na nini?

Waombaji wengi huanza na picha ya mashine. Mtathmini huanza na taka. Anataka kujua ni tani ngapi zinazozalishwa katika eneo lako, za aina gani, kiasi gani kinaweza kukufikia kikiwa safi, na nani atakinunua. Mashine ni jibu la maswali hayo manne, na bila majibu yake hakuna anayeweza kusema kama ukubwa wa mashine uliyoichagua unafaa au umezidi.

Takwimu za taka hazipatikani kwa kunakili wastani wa taifa. Zipo njia za gharama ndogo za kuzipata. Mwaga mzigo wa gari moja la taka juu ya turubai nene chini ya paa, uchanganye kwa koleo, ugawanye mafungu manne, uchague moja na kulichambua kwenye ndoo zenye lebo: plastiki ngumu, plastiki laini, karatasi, maboksi, chuma, alumini, kioo, vinavyooza, na ndoo ya mwisho ya vingine vyote. Pima kila ndoo. Hapo ndipo mambo hujitokeza. Boksi lililolowa mvua linaweza kukuonyesha kilo ambazo mnunuzi hatazilipia, kwa kuwa nusu yake ni maji. Chupa iliyofungwa kizibo ikiwa na mafuta ya gari ndani huingia kwenye ndoo ya mwisho hata kama ni plastiki, kwa sababu ikipasuka ndani ya robota italiharibu robota zima. Rudia zoezi hilo kwa siku kadhaa za wiki, kwa mitaa yenye vipato tofauti, na kwa msimu wa mvua na wa kiangazi. Kurasa mbili za matokeo hayo zina uzito kuliko kurasa arobaini za maelezo ya jumla kuhusu mazingira.

Baada ya hapo ndipo yafuate upembuzi yakinifu, bajeti, mpango wa uendeshaji wa miaka mitano au zaidi, barua za wanunuzi, vibali vya ardhi na tathmini ya athari kwa mazingira. Barua ya mnunuzi itaje aina ya malighafi, kiwango cha usafi anachokubali, kiasi kwa mwezi na namna bei itakavyopangwa. Barua inayosema mnunuzi "anaunga mkono mradi" haina kazi.

8. Tumepata mashine kwa bei nzuri. Tuinunue sasa, kisha ruzuku ije kutufidia?

Usinunue. Mifuko mingi hukataa gharama iliyofanyika kabla ya mkataba kusainiwa, na ununuzi uliofanywa nje ya taratibu za zabuni unaweza kuondolewa kwenye bajeti hata kama mashine ni nzuri na bei ni ya haki. Unachoweza kufanya ni kuomba ankara kifani (hati ya bei ambayo muuzaji huitoa kabla ya mauzo) zaidi ya moja na kuziambatanisha.

9. Kwa nini maombi mengi hukataliwa?

Sababu ya kwanza ni kuchelewa au kukosa kiambatisho, na hiyo haihitaji maelezo. Ya pili ni takwimu zisizo na chimbuko (tazama swali la 7). Ya tatu ni bajeti isiyoonyesha nani atalipa umeme wa mwezi wa kumi na tatu (tazama swali la 11). Ya nne ni eneo: kituo kilichopangwa karibu na makazi bila wakazi kushirikishwa huzua malalamiko ambayo mfuko haupendi kuyarithi.

## Kinachogharamiwa na kisichogharamiwa

10. Tuanze na mashine ipi?

Mizani. Jibu hili huwakatisha tamaa wengi, kwa kuwa mizani haipendezi kwenye picha za uzinduzi, lakini kituo kisichopima kinachoingia na kinachotoka hakiwezi kujua kama kinapata faida, hakiwezi kudai malipo ya kila tani na hakiwezi kujibu ukaguzi.

Ya pili ni mashine ya kubana marobota. Lori lililojaa chupa zisizobanwa husafirisha hewa kwa sehemu kubwa, na gharama ya safari hula bei yote ya plastiki. Chupa zilezile zikibanwa, lori moja hubeba mzigo ambao ungehitaji safari nyingi. Mkanda wa kuchambulia, sumaku ya kuvuta chuma na foklifti hufuata kadiri mzigo unavyoongezeka. Mashine za kuchambua kwa miale ya mwanga ni za vituo vikubwa vyenye mafundi na vipuri vya karibu. Mahali penye wachambuaji stadi na mzigo mdogo, hizo huishia kufunikwa turubai.

11. Je, ruzuku inalipa mishahara, umeme, mafuta na matengenezo?

Hili ndilo swali linaloamua uhai wa kituo, na kwa bahati mbaya ndilo linaloulizwa likiwa limechelewa. Ruzuku nyingi ni za mtaji: hujenga jengo na kununua mashine, zikaishia hapo. Kuanzia siku ya uzinduzi, kituo kinajilipia chenyewe umeme, waya wa kufungia marobota, visu vya mashine ya kusagia ambavyo hupoteza makali kila mchanga unapoingia, matairi ya foklifti, bima, glovu na viatu vya wafanyakazi, na ada ya kupeleka masalia dampo.

Hilo la mwisho husahaulika kuliko yote. Tuchukue kituo kinachopokea tani 100 kwa mwezi. Ikiwa 30 kati ya hizo ni uchafu, kituo kinauza 70, lakini kimelipa wachambuaji kwa tani 100, kimelipa usafiri wa tani 30 kwenda dampo, na kama lipo dampo linalotoza kimelipa ada ya kuzimwaga pia. Uchafu ukishuka hadi tani 10, mauzo yanapanda hadi 90 na gharama ya masalia inabaki theluthi moja, bila mashine mpya hata moja kununuliwa. Ndiyo maana fedha zinazotumika kuwaelimisha wananchi wachambue taka nyumbani, na kuwapa mapipa mawili badala ya moja, mara nyingi huleta faida kubwa kuliko zinazoongeza mashine. Kama mfuko unaruhusu kifungu hicho, kiombe kabla ya kuomba mkanda mrefu zaidi.

Gharama za uendeshaji zinaweza kuzibwa kwa njia tatu zinazokubalika. Ya kwanza ni mkataba ambao mamlaka ya eneo inakilipa kituo kiasi maalumu kwa kila tani inayopokelewa, kwa hoja kwamba tani hiyo ingeigharimu mamlaka kuifukia. Ya pili ni malipo kutoka kwenye ada za wazalishaji (swali la 3). Ya tatu ni kutenga fungu la uchakavu: mashine inayotarajiwa kudumu miaka kumi itengewe sehemu ya kumi ya thamani yake kila mwaka katika akaunti tofauti. Mtathmini akiliona fungu hilo kwenye andiko lako, ataelewa kwamba umewahi kuendesha mashine.

12. Bei za malighafi zikianguka, serikali itatuokoa?

Usipange hivyo. Bei ya plastiki iliyorejelezwa huyumba pamoja na bei ya mafuta, kwa sababu mafuta yakiwa nafuu plastiki mpya nayo huwa nafuu na viwanda huikimbilia. Sera za nchi nyingine pia zinaweza kubadilika usiku mmoja. Mwezi Julai 2017 China ilitangaza kwamba itapiga marufuku uingizaji wa aina kadhaa za taka, marufuku ikaanza Januari 2018, na kwa karatasi na baadhi ya malighafi zilizoendelea kuruhusiwa ikaweka kikomo cha uchafu cha asilimia 0.5. Vituo vya Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Australia vilivyokuwa vimezoea kuuza mchanganyiko mchafu vilibaki na marundo yasiyo na mnunuzi, na baadhi ya miji ikasitisha ukusanyaji.

Kinga iliyopo ni mikataba yenye bei ya chini isiyopungua hata soko likianguka, wanunuzi zaidi ya mmoja kwa kila malighafi, usafi wa mzigo unaokufanya uwe wa mwisho kukataliwa, na akiba ya miezi kadhaa ya gharama.

13. Je, eneo la mboji linahesabiwa kuwa kituo cha urejelezaji?

Mifuko mingi hulihesabu hivyo, na mahali pengi ndilo lingefaa kuombewa kwanza. Katika nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni zile zinazooza, kwa hiyo kituo kinachoshughulikia plastiki peke yake hakigusi sehemu kubwa ya mzigo. Mboji haihitaji teknolojia ngumu: inataka nafasi, unyevu wa kadiri, hewa inayopita kwa kugeuzwa mara kwa mara, na uangalizi wa joto. Adui yake ni vipande vya kioo na plastiki. Mkulima akikuta wembe kwenye mfuko wa kwanza, wa pili hanunui. Taka za sokoni, ambazo huja zikiwa hazijachanganyika sana, ni mahali pazuri pa kuanzia.

14. Kuchoma taka ili kuzalisha umeme kunaingia humu?

Katika sheria ya taka ya Umoja wa Ulaya, hapana. Fasili yake ya urejelezaji haijumuishi kuchoma kwa ajili ya nishati wala kugeuza taka kuwa nishati ya mafuta. Mifuko ya mahali pengine inaweza kuwa na fasili pana zaidi. Soma fasili iliyomo ndani ya tangazo lenyewe kabla ya kuandika neno lolote.

## Baada ya fedha kuidhinishwa

15. Fedha hulipwa zote kwa mkupuo?

Ni nadra. Hulipwa kwa awamu kadiri kazi inavyothibitishwa, au hurejeshwa baada ya mpokeaji kuwasilisha risiti. Mfumo huu wa pili ni mtego kwa vikundi vidogo, maana unamtaka mpokeaji awe na fedha za kutanguliza. Uliza mapema kama kuna malipo ya awali, au kama mkataba wa ruzuku unaweza kutumika benki kama dhamana ya mkopo wa muda mfupi.

16. Mashine na jengo ni mali ya nani?

Mkataba ndio unaosema. Kwa kawaida mali huandikishwa kwa jina la mpokeaji, lakini kwa miaka iliyotajwa hairuhusiwi kuuzwa, kuwekwa rehani au kubadilishiwa matumizi bila idhini ya maandishi. Kikundi kinachovunjika katikati ya kipindi hicho hakigawani mashine.

17. Tutatakiwa kutunza kumbukumbu gani?

Zaidi ya hesabu za kawaida, utatakiwa kuonyesha urari wa uzito: tani zilizoingia ziwe sawa na zilizouzwa, zilizokwenda dampo na zilizobaki ghalani. Stakabadhi ya mizani iwe na tarehe, namba ya gari, uzito likiwa na mzigo na likiwa tupu, aina ya mzigo na sahihi ya aliyepima. Stakabadhi inayoonyesha uzito ule ule kwa siku sita mfululizo ni ya kwanza kuulizwa.

Elewa vizuri pia tani inahesabiwa wapi. Umoja wa Ulaya, uliojiwekea lengo la kurejeleza asilimia 55 ya taka za manispaa ifikapo 2025, asilimia 60 ifikapo 2030 na asilimia 65 ifikapo 2035, uliondoa mazoea ya kuhesabu kila kilichokusanywa. Kinachohesabiwa ni kile kinachoingia kwenye hatua yenyewe ya kurejeleza baada ya uchafu kutolewa. Kituo kilichoahidi tani 100 katika mfano wa swali la 11 kingeandikiwa zisizozidi 70. Ahidi kwa hesabu hiyo tangu mwanzo, hata kama tangazo halikutaka.

## Hali zisizo za kawaida

18. Wapo watu ambao tayari wanaokota taka katika eneo hilo. Mradi unawahusuje?

Unawahusu kuliko mtu mwingine yeyote. Kituo kipya chenye haki ya kipekee ya taka za mji kinaweza kuwanyang'anya riziki kwa siku moja, na wao ndio wenye ujuzi wa kutambua plastiki kwa mlio wake inapobonyezwa. Sheria ya taka ngumu ya Brazili ya mwaka 2010 inazitambua kazi za waokota taka na kuhimiza vyama vyao vya ushirika vishirikishwe. Huko Bogotá, baada ya miaka ya kesi zilizofika Mahakama ya Katiba ya Colombia, waokota taka walianza mwaka 2013 kulipwa na mfumo wa umma kwa kilo walizokusanya, juu ya bei wanayoipata sokoni.

Kwenye andiko, waandike kwa idadi, onyesha namna watakavyosajiliwa, watakavyolipwa na vifaa vya kinga watakavyopewa. Usiwaahidi ajira zote za kituo kama hesabu haziruhusu. Ni afadhali kuwapa mkataba wa kuuza mzigo wao kituoni kwa bei iliyobandikwa ukutani.

19. Mji wetu ni mdogo. Tunaweza kuomba pamoja na majirani?

Mnaweza, na kwa mzigo mdogo ndiyo njia ya busara. Mpango unaoleta nafuu ni wa sehemu kadhaa za kukusanyia, kila mji yake, zenye mashine ndogo za kubana, na kituo kimoja cha pamoja kinachochambua na kuuza. Makubaliano yaeleze nani atakuwa mwombaji mkuu, gharama zitagawanywa kwa idadi ya watu au kwa tani, na mji utakaojitoa utalipa nini.

20. Tunaweza kujaza pengo la malighafi kwa kuagiza taka kutoka nchi nyingine?

Mara nyingi masharti ya mfuko hukataza, kwa kuwa lengo lake ni taka za eneo husika. Zaidi ya hapo, marekebisho ya Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka kati ya nchi na nchi, yaliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika 1 Januari 2021 yanataka nchi inayopokea plastiki iliyochanganyika au chafu itoe ridhaa kabla ya mzigo kusafirishwa. Kama malighafi ya eneo haitoshi, mashine imezidi ukubwa. Rudi swali la 7.

21. Kituo kikisimama kabla ya muda wa mkataba kuisha, tutarudisha fedha?

Inawezekana, zote au sehemu yake, kulingana na miaka iliyobaki na sababu ya kusimama. Matumizi yasiyo na risiti na mali iliyouzwa kwa siri hudaiwa karibu kila mara. Kusimama kwa sababu ya mafuriko, moto au soko kuanguka hujadiliwa, mradi mfuko ulijulishwa kwa maandishi mapema na kituo kilikuwa na bima iliyotakiwa na mkataba. Barua hiyo iambatane na stakabadhi za mizani za miezi ya mwisho, ankara za umeme na mawasiliano na wanunuzi, ili mfuko uamue kama upunguze malengo, uongeze muda au ukabidhi mashine kwa mwendeshaji mwingine.